Bingwa wa Redio na Bingwa wa Video

Sizipendi ndondi, ingawa nilizijua kabla sijajua kupika wali. Papa, baba yangu, ndiye aliyenifundisha, na wala hakukusudia. Yeye alikuwa akishona, mimi nikitia vifungo kando yake, na mtu aliyeketi kando ya papa alisikia habari za ndondi apende asipende. Hadi leo naweza kukueleza kwa nini bondia mrefu hapaswi kuegemea kamba, na kwa nini mtu aliyepigwa kwenye ini huanguka huku akili zake zote zipo. Maarifa hayo hayajanisaidia kumenya hata muhogo mmoja.

Papa alikuwa fundi cherehani pale Butembo, mashariki mwa Kongo. Alikuwa na mabega mapana, na mikono yake ilipolala juu ya cherehani ungeona huruma kwa cherehani. Alishona kanzu za wanakwaya wa kanisa letu la Kiprotestanti, sare za shule, na wakati wa vita alishona sana viraka. Ujanani alifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu huko Ituri, na kila Jumapili alipigana ngumi katika klabu ya wafanyakazi, uzito wa juu. Baadaye akaokoka, akaacha kupiga watu, akashika sindano. Wokovu ulimtoa ulingoni, lakini ulingo wenyewe ulibaki kichwani mwake.

Huko machimboni ndiko alikompata bingwa wake. Klabu ilikuwa na redio moja, ikiwekwa juu ya meza, na wanaume wakiizunguka kusikiliza sauti ya Kifaransa iliyokuja na kupotea. Mwamerika mmoja alikuwa akiwaangusha wenzake huko mbali, na mtangazaji alipaza sauti hadi redio ikakoroma. Papa hakuwahi kumwona mtu huyo akirusha ngumi hata moja. Alimwona mara moja tu, kwenye picha ya gazeti kuukuu, na humo alikuwa amevaa suti. Mengine yote yalikuwa sauti, na kwa sauti ile papa alimjenga mtu mzima, mwenye miguu, mapafu na hasira. Sitamtaja jina. Nyumbani tulimwita wa Redio.

Nilipotimiza miaka ishirini na mitatu nchi ilikuwa imegawanywa vipande, nasi tulikuwa katika kipande cha waasi, na waasi nao walikuwa wakigawanyika. Mama alikuwa amefariki kabla ya vita. Kaka yangu alikuwa huko Kasugho, analima karibu na msitu, na tulimwona mara moja kwa mwaka kama njia ilikubali. Nyumbani tulibaki wawili, papa na mimi, na cherehani.

Ndipo akaja kijana wa Beni kutaka pazia.

Alikuwa anaendesha nyumba ya video kule Beni, moja ya zile nyumba za mbao zenye jenereta nyuma na mabenchi ndani, ambamo watu walilipa kidogo wakasahau vita kwa saa mbili. Alitaka pazia kubwa jeusi la kuzuia mwanga. Pazia kubwa halishikwi na mtu mmoja. Papa alishona, na sisi wawili tukashika ncha, yeye huku na mimi kule, tukisogea pamoja kadiri kitambaa kilivyopita. Baada ya mwezi alirudi kutaka pazia jingine. Kisha la tatu. Alipoagiza la nne hata papa alielewa kwamba nyumba moja ya video haiwezi kuwa na madirisha kiasi hicho.

Siku ya kujitambulisha alikuja na baba yake mdogo awe msemaji wake. Walileta kreti mbili za Fanta, kwa kuwa walijua sisi ni Waprotestanti. Wao ni Wakatoliki, na nadhani kama wangekwenda kwa Mkatoliki mwenzao ingekuwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Upande wetu walikaa wazee wawili wa ukoo. Mimi nilikuwa mlangoni na sahani, nikijifanya nahesabu vikombe. Wazee walisalimiana, wakaulizana habari za njia, na kabla msemaji hajafungua kinywa kueleza kilichowaleta, papa akamgeukia kijana.

"Nasikia unaonyeshaka batu video. Boxe pia?"

"Ndiyo, papa. Boxe njo batu banapendaka sana."

"Na kwa wewe, mwenye nguvu kupita bote ni nani?"

Kijana akamtaja bingwa wake, bondia wa miaka ile ambaye watu wote walimjua kwa kanda za video, aliyekuwa akimlaza mtu kabla hujakaa vizuri kwenye benchi. Papa akamtaja wake. Msemaji alimkanyaga kijana mguu, mimi nilimwona, lakini alikuwa amechelewa.

"Ule wa zamani? Pardon, papa, mais ule hawezi kumaliza raundi mbili mbele ya huyu."

Papa akaweka Fanta chini.

"Basi bapigane," alisema. "Raundi kumi na tano. Bakimaliza, njo tutaongea mambo ya mutoto."

"Papa, siku hizi ni raundi kumi na mbili."

"Wakati ya wangu ilikuwa kumi na tano. Na hapa ni kwangu."

Wazee wakacheka, wakidhani ni mzaha wa kuchangamsha kikao. Mimi sikucheka. Nilimjua papa, alipotania nyusi zake zilipanda, na siku ile zilitulia pale pale. Wageni waliondoka na kreti tupu na tarehe ya raundi ya kwanza.

Hivi ndivyo mabondia wawili walivyopigana, mmoja akiwa mzee au amekwisha kufa, mwingine akiwa Amerika na asijue kama Butembo ipo duniani. Kila Jumamosi ya pili kijana alikuja kutoka Beni. Alikaa kwenye kiti mbele ya cherehani. Papa alisema bondia wake anafanya nini, kijana akajibu wa kwake anafanya nini, zamu kwa zamu, dakika tatu kwa saa ya ukutani. Mimi niliangalia saa na kugonga kifuniko cha sufuria kwa kijiko. Raundi moja kwa safari moja, wala si zaidi. Na kulikuwa na sheria ambayo papa aliiweka mwenyewe: hakuna ngumi bila ushahidi. Huwezi kusema mtu wako anapiga ini kwa mkono wa kushoto kama hujaweza kusema ni katika pambano gani aliwahi kufanya hivyo. Ushahidi wa papa ulikuwa kumbukumbu ya redio. Wa kijana ulikuwa kanda, alizoziangalia mara mia hadi akajua hata mtu wa mstari wa mbele anapopiga chafya.

Raundi ya kwanza alikuja amekusudia kumaliza. Wa Video, ndivyo tulivyomwita bingwa wake, alitoka pembeni mbio, akapiga kulia, akapiga chini, akapiga juu.

"Sawa," papa akasema akiendelea kushona. "Wangu ameanguka. Hesabu."

Kijana hakutarajia. Akaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, sauti yake ikizidi kupungua, na wateja wa barazani wakaja kusimama mlangoni. Alipofika nane papa akainua kichwa.

"Ameamuka. Miye nilimusikia na masikio yangu. Alianguka mara mbili ule usiku, na njo yeye alishinda."

Mtaa mzima ukapata mchezo. Watu hawakuwa na mchezo mwingine. Mpira ulikuwa umekufa, uwanja ukiwa na wanajeshi. Wauza chumvi walikuwa upande wa Video, wanakwaya upande wa Redio, na mchungaji wetu aliyepita kuchukua kanzu alikaa raundi nzima ya tatu akisema anasubiri tu chuma cha pasi kipoe. Kusema kweli na mimi nilifurahi siku zile za mwanzo. Nilikuwa namwona mtu niliyempenda kila wiki mbili, akibishana bila kumvunjia papa heshima, akisema "papa" kabla ya kila ngumi. Papa naye alinyoosha mgongo. Ijumaa alinyoa ndevu.

Raundi ya tano kijana alileta hoja ya uzito.

"Papa, wangu iko na kilo mia moja. Wenu iko na ngapi?"

"Makumi munane na tano."

"Kilo kumi na tano, papa. Wakati ile bote balikuwa bepesi, hata benye alipigana nabo. Hakupigwaka na mutu wa kilo mia moja mwenye anakimbia sawa huyu. Haiko ushahidi."

Mguu wa papa ukasimama juu ya kanyagio. Alikaa hivyo, mkono juu ya kitambaa, akitazama sindano.

"Gonga," akaniambia.

Saa ilionyesha bado dakika moja. Niligonga. Nilidhani amechoka.

Lakini raundi zilivyosonga, njia nayo iliharibika. Kutoka Beni hadi Butembo si mbali. Kabla ya vita mtu alikwenda, akanunua, akarudi kula nyumbani. Sasa kulikuwa na kizuizi baada ya kizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na bosi wake, na bosi wa asubuhi hakuwa bosi wa jioni. Kijana alikuja juu ya magunia ya kahawa, au juu ya pikipiki, au akisaidia kusukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, na mwenye mzigo akimruhusu kupanda kwenye miteremko. Raundi ya nane alifika na matope hadi kifuani kwa sababu walisikia risasi upande wa Kalunguta wakalala mtaroni. Raundi ya kumi alifika bila viatu. Wanajeshi walikuwa wamevipenda.

Papa alimtazama miguu. Akaingia chumbani, akatoka na viatu vyake vya ibada, akaviweka mbele ya kijana. Nilifikiri sasa atasema basi, yatosha. Akakaa kwenye cherehani, akasema, "Wangu anaanza na mukono wa kushoto."

Siku ile, kijana alipoondoka, nilimpigia papa kelele. Sikuwahi kumfanyia hivyo kabla.

"Papa, ile njia inakula batu! Wa kwake ni raundi kumi na mbili. Acha ziwe kumi na mbili, ziishe!"

"Bingwa hapunguziwake raundi."

"Haiko bingwa mwenye anapita ku barrière. Ni mutu!"

"Mama," aliniambia, kama alivyozoea kuniita alipotaka ninyamaze kwa upole, "mutu mwenye anataka binti yangu atafika."

Ningependa kuandika kwamba kosa lote lilikuwa la papa. Ingekuwa rahisi. Lakini raundi ya kumi na moja ilipokwisha, kijana aliniambia pale kisimani kwamba nikitaka, kesho tuondoke wote hadi Beni, wazee watasuluhisha baadaye. Wangapi wameoana hivyo na leo wana wajukuu? Nikakataa. Nilimuuliza kijana, papa atabaki na nani? Na nilipomwambia basi wewe acha, mwambie papa umechoka, naye alikataa. "Nilisha kupita njia yote hii," alisema, "alafu bakuye baseme nilishinda juu ya huruma?" Kiburi kilikuwa kingi pale nyumbani, na kila mtu alikuwa na fungu lake.

Raundi ya kumi na mbili walibishana vibaya. Kijana alisema wa Video anarudi nyuma huku akipiga mkono wa kulia, na kwamba mtu mzima aliwahi kuangushwa na ngumi hiyo.

"Akirudi nyuma? Hapana. Ngumi ya kurudi nyuma haina miguu. Ushahidi?"

"Iko ku cassette, papa."

"Cassette iko wapi?"

"Nitaleta."

"Leta. Jirani iko na jenereta. Tutaona na macho."

Nikagonga kifuniko. Ndiyo, nilikuwa hapo, nilisikia, na nilichofikiria ni kwamba sasa zimebaki tatu.

Jumamosi ya raundi ya kumi na tatu watu walikuja mapema. Jirani alikuwa amesafisha televisheni yake. Papa alikuwa amenyoa. Saa nne hakuja, saa sita hakuja, na saa tisa wauza chumvi wakaanza kutania kwamba wa Video amebaki kwenye kiti, wahesabu hadi kumi wampe mzee ushindi wake. Mmoja akaanza kweli kuhesabu. Papa alisimama.

"Nani alikuambia uhesabu?"

Sauti ile sikuwahi kuisikia. Watu wakatawanyika. Tulikaa wawili hadi giza likaingia, na hakuna aliyeshona.

Habari ililetwa kesho yake baada ya ibada, na msukuma chukudu wa Kalunguta aliyekuwa ameleta maharage. Alikuwa nyuma ya kijana kwenye kizuizi. Wanajeshi walimpekua, wakakuta kanda ya video ndani ya shati. Wakasema waichukue. Angewapa, ingekwisha hapo. Alikuwa amewapa viatu bila kubisha. Lakini kanda alikataa. Aliwaambia ni ya mzee mmoja wa Butembo, anaisubiri. Wakampiga kwa kitako cha bunduki, mara moja tu, chini ya uso. Wenzake walimbeba kwenye chukudu wakamrudisha Beni. Taya ilikuwa imevunjika.

Papa alisikiliza yote akiwa bado na Biblia kwapani. Kisha akaingia ndani, akafunika cherehani kwa kitambaa, ilhali haikuwa desturi yake kuifunika mchana.

"Vaa viatu vya kutembea," akaniambia.

Tulipanda gari la kahawa hadi karibu na Kalunguta, na hapo dereva akasema haendi mbele. Tulitembea. Papa alikuwa na miaka sitini na kitu, na goti moja bovu tangu machimboni. Kwenye kizuizi cha kwanza mwanajeshi mdogo kuliko mimi alimwonyesha chini kwa bunduki. "Vieux, fanda na se." Papa akakaa kwenye vumbi pamoja na wanawake wenye vikapu, mabega yake yakiwa juu ya vichwa vyetu sote, na hakuruhusiwa kusimama hadi jua lilipohama. Alipoinuka nilimshika mkono, na hakuutoa. Tukatembea kilomita nyingi. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Alipitaka hapa mara zote?"

"Mara zote, papa. Kuya na kurudi."

Sikumwonea huruma. Lazima niseme hivyo. Nilitaka goti limuume.

Tulilala kwa watu wa kanisa njiani na tukafika Beni siku ya pili. Kijana alikuwa kwa mama yake, chumba cha nyuma, kitandani, kichwa kimefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini na fundo juu. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja na jicho limefungwa. Hakuweza kusema, mganga wa kituo cha afya alikuwa amemkataza kufungua mdomo kwa wiki sita. Alipomwona papa mlangoni alijaribu kukaa. Mama yake alimzuia. Naye, Mungu wangu, akainua mikono yote miwili, ngumi mbele ya kifua, akamtazama papa kwa lile jicho moja lililobaki. Alikuwa anataka raundi yake.

Mama mtu alitutazama mmoja mmoja, hakuelewa. Papa akaketi kwenye kiti. Alivua kofia. Nikaona anataka kusema na hajui aanzie wapi, na nilikuwa na hasira iliyonifika hapa, kwa hiyo nikaanza mimi.

"Yeye hawezi kusema, papa. Mimi njo nitasema kwa upande yake. Raundi ya kumi na tatu. Mutu wetu hatoki ku kiti. Taya imevunjika. Sema basi, ni ngumi gani ya wa Redio ilimuvunja? Leta ushahidi."

Papa akaiweka kofia magotini.

"Leta ushahidi, papa! Wewe njo uliweka sheria."

"Haiko wa Redio," papa akasema.

"Ni nani?"

"Ni miye."

Mama wa kijana akataka kutuliza mambo, akasema hapana muzee, ni basoda, ni vita, kila nyumba imepata yake. Papa alimwinulia mkono, taratibu, amwache amalize.

"Wangu alishindwa ku raundi ya tano," alisema. Alikuwa anamwambia kijana, si mimi. "Siku ile ulisema mambo ya kilo. Nilifikiri usiku yote. Kilo kumi na tano ni kilo kumi na tano. Angesimama, ndiyo, hakujuaka kulala chini. Mais asingeshinda. Nilijua."

Kijana alishusha ngumi zake.

"Sasa ju ya nini uliendelea?" nikamuuliza. "Raundi saba zingine, papa! Njia yote ile! Ju ya nini?"

Papa alikuwa akiikunja kofia yake, akiikunja na kuikunjua.

"Zikiisha, unaenda," alisema. "Miye ningebaki na nani?"

 Nilikuwa nimeuliza swali lile lile kisimani, kwa maneno yale yale, na nilikuwa nimeliona kuwa swali la binti mwema. Sasa nililisikia kinywani mwake, mbele ya uso ule uliofungwa kitambaa. Nikatoka nje. Nilikwenda jikoni kwa mama mtu, nikakuta mtama, nikapika uji mwepesi wa kupita kwenye meno yaliyofungwa, nikaurudisha, nikamnywesha kijiko kwa kijiko. Papa aliangalia. Nilijua tangu jana hajala. Sikumpa.

Kesho yake asubuhi papa aliagana na mwenyeji wetu, mama wa kijana. Alimwambia kwamba kijana akipona na kuweza kufungua mdomo, watume msemaji, upande wake hapatakuwa na neno zaidi. Alimwendea kijana, akamwekea mkono kwenye bega, akasema "Wasingya," yaani asante kwa Kinande, na hakusema asante ya nini. Kwangu alisema nibaki, nimtunze mgonjwa. Hakusema kama ni amri au zawadi. Nilikuwa bado sijamsamehe, na hakuomba. Nilimsindikiza hadi kwenye kizingiti cha mlango, si hadi barabarani, na adabu ya kwetu ni hadi barabarani.

Aliondoka kwa mguu, kwa sababu siku hiyo magari hayakutoka.

Watu wameniuliza mara nyingi tangu hapo, hasa wanangu, nani angeshinda. Baba yao hutafuna kwa upande mmoja hadi leo, na akiulizwa husema ni mzee wa Redio, kwa pointi, na kucheka kwa taya iliyopinda. Nadhani hasemi kweli, na nadhani hilo ndilo jambo la upole zaidi alilowahi kumfanyia papa. Mimi huwaambia kwamba sijui. Mabondia wale hawakukutana. Kila mmoja alipigana na watu wa wakati wake, kwa kilo za wakati wake, akashinda waliokuwapo. Ukiwatoa huko na kuwaleta kwako, unawapa mapafu yako na woga wako, na mtu wa kupigwa atakuwa mwingine kabisa, aliyekaa karibu.

Lakini siku ile papa alipoondoka sikuwa na hekima hiyo. Mchana wa kwanza nilikuwa na hasira tu. Jioni zilisikika risasi upande wa kusini, mbali, kisha zikanyamaza, na hasira yangu ikaanza kupata nafasi za wazi katikati. Nilimwona papa amekaa kwenye vumbi na mwanajeshi amesimama juu yake, na safari hii hakuna wa kumshika mkono ainuke. Siku ya pili nilikwenda kwenye depo ya mnunuzi mmoja wa kahawa aliyekuwa na phonie, ile redio ya kuongea na Butembo, nikaomba waulize. Hakuna habari. Nilikumbuka kwamba hajala kwangu. Siku ya tatu nilikwenda tena, nikakaa tangu asubuhi karibu na mashine ikikoroma, na kijana wangu kitandani akiandika kwenye karatasi kwa mama yake, amefika? amefika?

Kabla ya saa saba phonie ikaita Beni. Mtu wa depo akasikiliza, akauliza mara mbili, akanigeukia.

"Banasema muzee alifika. Anauliza taya inaendelea namna gani. Na banasema anauliza kama wewe ulikula."

Nilikaa chini palepale juu ya magunia, nikalia kwa sauti mbele ya wapagazi. Yule mtu wa phonie alishtuka, akaniuliza kama ni habari ya msiba. Nikamwambia hapana, ni papa, amefika nyumbani.